Ngamia Aliyechomwa Chapa ya Timu

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumamosi alasiri, wakati ambao nyumba yangu huwa si yangu tena. Wajukuu na marafiki wa wajukuu wameiteka sebule, wamevaa jezi za timu za Uingereza, nusu nyekundu na nusu buluu, na mimi mwenye nyumba nimesukumwa pembeni na kiti changu kama furushi la mgeni. Simu ikalia. Alikuwa binti yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Adeer," akaniita, yaani ami, "Baba ametutoka saa saba. Tunamzika baada ya alasiri." Nikasema inna lillahi, nikaanza kutafuta viatu, na papo hapo timu nyekundu ikafunga bao, nyumba nzima ikalipuka kwa shangwe. Nilitaka kuwatimua wote, na jezi zao. Kisha nikakumbuka kwamba marehemu, angekuwa yeye ndiye aliyesimama pale na kiatu kimoja mkononi, angeuliza kwanza nani kafunga.

Jina lake sitalitaja, na watu wa Garissa wa rika langu hawatalihitaji. Nikisema ndiye aliyekuwa akipiga chumvi ngozi kwenye ghala lililokuwa nyuma ya soko la mifugo, miaka ile ya vita vya shifta baada tu ya uhuru, waasi walipotaka mkoa wetu ujiunge na Somalia, watajua. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya sekondari nikiwa nimefika kidato cha pili. Barabara zilikuwa na risasi, mama akaniambia nisirudi shule mpaka mambo yatulie, na nilikubali haraka kuliko alivyotarajia. Ndivyo nilivyo. Wengine walikimbilia msituni, wengine Nairobi. Mimi nilikimbilia mkeka wa mama. Nikapata kazi ya kuandika lebo za marobota ya ngozi, na huyu bwana, aliyenizidi miaka mitatu na misuli yote, akanibandika jina la Msomi. Hakuna siku alilitamka bila kucheka.

Kilichotuunganisha kilikuwa redio ya tajiri wetu, iliyokaa ndani kabisa ya ghala. Harufu ya ngozi mbichi ilikuwa mlinzi wetu. Hakuna askari aliyevumilia kupita mlangoni. Ijumaa baada ya swala tuliziweka betri juani zipate nguvu kidogo, kisha tukajifungia na kusikiliza mpira wa Mogadishu. Yeye alikuwa na timu yake ya huko, mimi nilikuwa na ya kwangu, mahasimu wakubwa. Mogadishu hakuwahi kufika. Uwanja wenye nyavu hakuwahi kuuona. Lakini redio ya Nairobi ilitangaza mpira kwa Kiswahili, na Kiswahili chake yeye kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Timu ile ya ng'ambo ilitangazwa kwa lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa. Alijua winga wa kushoto ana haraka kama dikidiki na kipa ana moyo wa kuku, na alijua kwa sababu aliambiwa akaelewa. Mchezo ukiisha zilianza hotuba za taifa moja na bendera moja. Hapo alinyoosha mkono akazima. "Hotuba zinakula betri," alikuwa akisema. Huo ndio ulikuwa msimamo wake wa kisiasa, wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa jaribuni kumweleza hivyo mtu mwenye bunduki.

Kwa ujira wake alinunua mtamba mmoja wa ngamia. Msomaji asiye wa kwetu naomba anielewe hapa: ngamia kwetu haulizwi jina, anaangaliwa chapa. Kila ukoo una alama yake inayochomwa kwa chuma cha moto, shingoni au pajani, na ngamia akipotea hata mwendo wa siku kumi, atakayemwona atajua amrudishe kwa nani. Chapa ndiyo kitambulisho chake, ndiyo jamaa zake. Basi wiki ambayo mtamba yule alinunuliwa ndiyo wiki ambayo timu yake iliifunga timu yangu mabao manne. Mwenzangu akapandwa na wazimu. Alikuwa na kipande cha gazeti kilichowahi kufungia tende, chenye nembo ya timu, duara lenye mistari miwili ya kusimama ndani yake. Akakunja ukanda wa chuma wa kufungia marobota, akautia motoni, akamchoma mnyama alama ile pajani. Kamba niliishika mimi. Tena nilitia neno: "Mwone, hata ngamia ameona aibu kuvalishwa timu hiyo." Tulicheka hadi mtamba akatutemea mate wote wawili.

Ami yake, mkubwa wa ukoo, hakucheka. Alimzunguka ngamia mara mbili, akamwambia mpwa wake kwa utulivu unaoudhi, "Umemfanya huyu kuwa mgeni kwao." Nasi tukadhani ni maneno ya wazee tu.

Vita vikazidi. Watu wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa, mama yake na dada zake wawili wakiwamo, mifugo yao ikafa kwa kukosa malisho au ikachukuliwa. Kilichobaki kwa familia ile ni mtamba mmoja, na sasa alikuwa na mimba karibu kuzaa. Maziwa yake ndiyo yangekuwa chakula cha wanawake watatu. Asubuhi moja askari wakazoa mifugo yote iliyokutwa nje ya uzio. Amri ilikuwa nyepesi kusikika: wazee wa ukoo waje zizini, wainue mkono juu ya Msahafu kwa wanyama wenye chapa yao, wawachukue. Asiyedaiwa ametoka ng'ambo ya mpaka, basi ni wa shifta.

Nilikuwapo, kwa sababu aliniomba. "Msomi, wewe unajua kuongea na hawa watu. Njoo useme tu ulichokiona." Nikaenda, nikiwa nimefua shati.

Ofisa alikuwa kijana wa bara, jasho linamtoka, amechoka. Akaonyesha paja la ngamia kwa kalamu. "Hii alama ni ya nani?"

"Hii ngamia ni yangu, bwana mkubwa," akajibu mwenzangu. "Hii alama ni ya mbira."

"Ya nini?"

"Mbira, bwana. Wa miguu. Timu ya Mogadishu." Na akapiga teke hewani ili aeleweke vizuri, kwa maana ile p ya mpira ulimi wake haukuiweza. Mimi nilifumba macho.

Ofisa akamtazama kama anayetazama mtu aliyejinyonga kwa kamba yake mwenyewe. Akamgeukia ami. "Mzee, unaapa huyu ni wa ukoo wako?"

Mzee akatikisa kichwa. "Kwa kitabu cha Mungu nitaapia chapa ninayoijua. Hii siijui. Mwambieni awaite hao wachezaji kumi na moja waje kuidai."

Hapo ofisa akanigeukia mimi, shati langu jeupe lilimvutia. "Wewe umesoma?" Nikasema kidogo. "Anasema hii ni nembo ya timu. Wewe umewahi kuisikia timu hiyo?"

Swali lilikuwa rahisi. Kusema ndiyo kulikuwa kukiri kwamba nami nasikiliza redio ya ng'ambo, na watu walikuwa wamechukuliwa kwa madogo kuliko hayo. Lakini nisijitakase kwa uoga peke yake. Mabao manne yale yalikuwa bado yananiwasha. Mtu anaweza kuogopa kufa na bado akapata nafasi ndogo moyoni ya kununa kwa ajili ya mpira. Nashuhudia hilo maana nililifanya. Nikasema, "Mimi sifuatilii mpira, bwana. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani."

Ngamia akaswagwa pamoja na wengine kuelekea mtoni. Mwenzangu alitembea kando yake mpaka kwenye kizuizi, mkono umelala juu ya alama ile, akarudishwa. Tukarudi mjini. Karibu na ghala ndipo alipofungua mdomo. "Wallahi, Msomi. Sasa Ijumaa ile ulikuwa unalia mbira gani?"

Hakurudia tena, angalau si kwa hasira. Kwa miaka karibu sitini iliyofuata alinisalimia hivi: "Waryaa, wewe usiyefuatilia mbira, hujambo?" Mbele ya watu, sokoni, msikitini, harusini kwangu. Watu walicheka wakidhani ni utani wa mashabiki, nami nikacheka nao. Mama yake alikunywa chai ya rangi mpaka vita vilipoisha, na kila nilipopita alinikaribisha chai hiyo hiyo, akiniomba radhi kwamba haina maziwa. Sijui kama alijua. Sikuthubutu kuuliza. Kikombe nilikimaliza kila mara.

Kinachoniudhi leo ni wepesi wa mambo. Wajukuu wangu wamejipaka timu za Waingereza kifuani na mgongoni, tuktuk za mji huu zimepambwa nembo zao, na sijamwona hata kijana mmoja akiitwa ofisini kuulizwa kama anataka Mwingereza arudi kututawala. Mpira ni mpira, wanasema, na wanasema kweli. Ila kijana huyo huyo akisafiri kwenda Nairobi atateremshwa kizuizini atoe kitambulisho, athibitishe kwamba uso wake ni wa Kenya, na jezi ya Manchester ipite bila kuulizwa kitu. Yaani timu ya mbali kabisa ni salama, na ya jirani anayeongea kama mama yako ni uhaini. Nimelifikiria jambo hili nikiwa nimekaa kwenye kiti changu kwa miaka mingi, na kukaa ninakujua, lakini sijaona akili yake. Wala timu yenyewe sijaisamehe. Haikuwahi kujua kwamba ilikuwa na ngamia Garissa. Wiki iliyofuata ilifungwa.

Kwenye mazishi nilifika nikihema, udongo umeshaanza kutiwa. Baadaye uani, watu wakinywa chai yenye maziwa mengi, binti yake akanijia na bakora ya marehemu. Chini ya kishikio palikuwa pamechongwa duara lenye mistari miwili ya kusimama, limelainika kwa miaka ya kushikwa. "Adeer," akasema, "watoto wanasema hii ni chapa ya ukoo wetu, na wazee wanasema si yenyewe. Baba kila nikimuuliza alisema nikuulize wewe. Alisema unaijua, ila huwa huna haraka ya kusema. Ni alama ya nini?"

Wazee wote wakageuka kunitazama. Na nawaambieni kweli, wasomaji wangu, mdomo ulianza kusema "sijui", kwa mazoea tu, hakuna ofisa, hakuna bunduki, mtu wa miaka yangu na kikombe mkononi. Nikaumeza. Nikasema, "Ni nembo ya timu ya mpira ya Mogadishu. Alimchoma nayo ngamia wake. Najua kwa sababu kamba niliishika mimi."

Akaniuliza ngamia alikwenda wapi. Nikakaa chini nikamweleza, yote, hata habari ya shati langu jeupe na nilichomjibu ofisa. Nilipomaliza alichukua bakora yake akaniambia nyanya yake, yule wa chai ya rangi, alikuwa akiwasimulia kwamba ngamia yule alikufa kwa ukame.

Ushahidi wangu umetolewa, na zizi halipo. Ukiitwa kusema ulichokiona, kiseme siku hiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama timu yake imekufunga manne. Baadaye kitakuwa hadithi ya matangani tu, na hakuna atakayepata maziwa kwayo.