Gesi ya Wageni

Kazi yangu hapa Masasi, katika ofisi ya mipango, ni kuandika mambo ambayo hayajatokea. Tunayaita makisio. Naandika mahitaji ya nishati yatakavyokuwa miaka ijayo: mitambo ya umeme itataka gesi kiasi gani, viwanda vitataka kiasi gani, majiko ya watu je. Sura ya upatikanaji huwa naiandika na hasira zangu. Gesi inachimbwa kwetu kusini, inaingia kwenye bomba na kuelekea Dar es Salaam bila hata kugeuza shingo kututazama. Ile ya mtungi, tunayopikia sisi, inaletwa kwa meli kutoka ng'ambo, kisha inapandishwa malori hadi huku. Nililisema hilo kikaoni, mkubwa mmoja akaniambia niliweke kwenye kiambatisho. Nikaliweka.

Marehemu mama yangu alikuwa mkulima wa korosho Makote, wilaya ya Newala, juu kabisa ambako ardhi haishiki maji. Utotoni nilimwona akishuka bondeni na ndoo alfajiri na kurudi jua limeshachoma. Baadaye baba alijenga kisima cha kuvunia maji ya mvua uani, na mama ndiye aliyeshika ufunguo wa mfuniko. Kwetu maji hayakutumiwa eti kwa sababu yapo. Yalitunzwa kwa ajili ya mgeni. Sisi watoto tulinawa uso kwa kikombe kimoja, halafu akija mtu wa mbali anawekewa ndoo nzima ya kuoga, na mama anatukazia macho tusiseme neno. Hakuna aliyeona ajabu, kila nyumba ilikuwa hivyo.

Ilipokuja sera ya nishati safi, mitungi midogo na majiko yake viligawiwa Makote kwenye mkutano wa hadhara. Orodha niliiandaa mimi, na jina la mama nililiweka bila haya yoyote, maana kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua na kuni za mikorosho zinafuka vibaya mno. Aliupokea mtungi kwa mikono miwili, akapigwa picha. Niliporudi ofisini nikaiwekea kaya yake alama ya vema: imeacha kuni. Nilifurahi kwelikweli. Katika miaka yote ya kukisia, hicho kilikuwa kitu kimoja nilichokishika kwa mkono.

Kila Jumamosi nilipokwenda kumwona, nilikuta jiko la gesi limewashwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, chai inachemka sasa hivi."

Nilikunywa chai ile kwa raha, nikatazama moto wa bluu na kujisifu kimoyomoyo. Lakini kikohozi hakikupungua. Akawa anapumzika mara mbili kati ya mlango na uani, kwa hiyo nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mtu wa kutoka bara, mpole, anayeuliza na kuandika.

"Nyumbani unapikia nini, mama? Kuni?"

Mama akanitazama. Nikajibu mimi, kwa ile sauti yangu ya vikao: "Gesi. Kuni alishaacha."

"Ni kweli, mama?"

"Ni kama alivyosema mwanangu."

Mama yangu asingeweza kumwaibisha mwanawe mtu mzima mbele ya mtu asiyemjua. Daktari akaandika gesi, akaachana na habari ya moshi. Wakapima makohozi, wakapiga picha ya kifua, wakampa dawa ya pumu, kisha wakabadilisha dawa. Tulizunguka hivyo karibu mwaka mzima, na mama alizidi kukonda.

Ukweli niliujua siku ya Jumanne. Nilikuwa nimetumwa Makote kufuatilia matumizi ya mitungi, nikapita nyumbani bila kumwarifu. Moshi ulikuwa unatoka chini ya bati la jiko la uani. Mama alikuwa ameinama anapuliza kuni, macho yamemwiva, ugali wake wa muhogo uko motoni. Mtungi ulikuwa chumbani, umefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Nilifoka. Mungu anisamehe, nilimfokea mama yangu mzazi.

"Gesi ipo ndani! Kwa nini unajiua, mama?"

"Itaisha," akasema. "Halafu ukija Jumamosi nikupikie nini?"

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu na suruali yangu ya kazini. Jumamosi zote zile nilikuwa mgeni. Alinichemshia chai kwa kile alichojinyima wiki nzima, na mimi nikaibeba chai ile kama ushahidi hadi ofisini, na kutoka ofisini hadi kwa daktari. Nimezaliwa nyumba ile, nimenawa kwa kikombe kile, na bado sikujua. Fomu yetu iliuliza kama kaya ina jiko la gesi. Haikuuliza linawashwa kwa ajili ya nani, na fomu niliitunga mimi.

Kesho yake nilirudi kwa daktari nikamwambia nilidanganya bila kujua. Hakunilaumu. Alisema mapafu yameshachakaa na kilichobaki ni kumpunguzia taabu. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningemwacha mama ajibu mwenyewe siku ile ya kwanza. Akakusanya karatasi zake taratibu, akasema ni vizuri sasa nimtazame mgonjwa.

Nikachukua likizo nikahamia Makote. Nilinunua mtungi mwingine, mkubwa, nikaufunga ndani karibu na kitanda chake ili aone kwamba gesi ni nyingi. Kuni zote nilizigawa kwa majirani. Asubuhi ya kwanza nikabandika uji wake. Mama alikuwa ameegemea ukuta, anavuta pumzi fupifupi, akasikia jiko linavuma.

"Kuna nani amekuja?"

"Hakuna mtu, mama. Ni uji wako."

Akanyoosha mkono kuelekea lile jiko, akaushusha.

"Basi zima, mwanangu," akasema. "Mimi si mgeni."