Rubani wa Jikoni Mkomaindo

Ukikaa Mkomaindo na ukuta wako unapakana na wa Kapteni Elineema, huhitaji redio. Mpare huyu amerusha ndege ndogo huku kusini miaka na miaka, akibeba wagonjwa na maofisa, na akiwa likizo sauti yake haizuiwi na ukuta wowote.

Umri umeanza kumfanyia utani. Juzijuzi alitumwa chumvi sokoni akarudi na mpini wa jembe, tena akajisifu kwamba kaupata kwa bei nzuri. Mimi ananiita Yassini, jina la kaka yangu. Lakini mguse habari za kutua Newala enzi hizo kwenye mvua: atakutajia hadi abiria aliyetapika na alichokuwa amekula.

Sasa kampuni ikamwita Dar es Salaam kupimwa kumbukumbu na wepesi wa mikono. Akishindwa, harushi tena. Mkewe Somoe, mkulima wa korosho kutoka Mkunya, hakukubali mumewe aaibike. Akaligeuza jiko kuwa ndege. Kapteni anakalia kigoda, mbele yake mifuniko ya sufuria, na kwenye ndoo ya mchanga imesimikwa miiko miwili: wa kushoto injini ya kushoto, wa kulia injini ya kulia. Somoe, huku anasonga ugali, anatangaza injini gani inawaka moto, na mzee anatakiwa auvute mwiko wake haraka kuizima. Kila jioni nilichungulia nikicheka peke yangu. Hakukosea hata mara moja.

Juzi Somoe alichelewa shambani kupulizia mikorosho salfa, akanipigia simu nikamsimamie mumewe. Mimi nami napenda ubosi. Nikakunja nne, nikatangaza kwamba injini ya kulia inawaka.

Akavuta mwiko wa kushoto.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alikuwa ameizima injini iliyo nzima na kuiacha inayoungua. Somoe akaingia wakati huohuo, vumbi la salfa bado usoni, akanigeukia mimi.

"Umemchanganya. Siku zote tunaanza na ya kushoto."

Kapteni aliutazama mkono wake, halafu mkewe.

"Mama Evelina, injini haijui kwamba tunaanza na ya kushoto."

Akaniomba niendelee, nichanganye nipendavyo. Nikachanganya shingo upande. Mara alipatia, mara alikosea, na hata alipopatia, mkono ulifika umechelewa. Iliniuma sana. Somoe akasema muda bado upo, atamfundisha upya kwa kuchanganya. Kapteni akamjibu kwamba hana shaka atafaulu, maana mwalimu wake ni mkali, ila abiria hawatapanda ndege ya jikoni. Kisha akachukua simu, akaiambia kampuni isimsubiri kwenye vipimo, itafute rubani mwingine.

Alipokata simu hakuondoka kigodani. Somoe akakaa sakafuni karibu naye, na salfa yake yote, akaushika ule mkono uliochelewa.