Mpini wa Kushoto

Kila Jumamosi mzee yule huingia katika duka la bunduki la Lorna jimboni Montana, akavua kofia na kujaribu mashine za mkono za kujazia baruti maganda ya risasi nyumbani. Hufumba macho, akauvuta mpini wa kila moja taratibu, kama anayekamua ng'ombe mgonjwa, kisha huondoka mikono mitupu.

"Umekuja kuzisalimia tena, mzee wangu?" Lorna alimtania leo.

"Mpini wa hii unahamia kushoto?"

"Unahamia. Kwani wewe si wa mkono wa kulia?"

"Mama watoto kapooza upande wa kulia. Miaka yote mimi napima baruti, yeye anavuta."

Lorna akachukua spana, akauhamisha mpini.

"Ananiambia ati nijifunze kuvuta mwenyewe," mzee akanung'unika. "Nani kamwambia nataka kujifunza?"