Mjane wa Birere na Mungu Mwenye Ungo

Asubuhi mbichi, Birere, mtaa wa soko mjini Goma, Donatille Munyaneza anapepeta maharagwe kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Ungo unapaa, makapi yanaruka. Mwenye pikipiki aliyeegesha karibu anapiga chafya, ananung'unika.

"Kama hutaki vumbi, pita kule kwa lami," Donatille anamwambia bila kumtazama.

Kazi ya kuwasafishia wachuuzi maharagwe ya Masisi imemlisha tangu mumewe afariki. Siku njema anapata ya unga na sabuni. Siku mbaya anakula yaliyopasuka.

Mwaka huu kazi hiyohiyo ilimfanya achorwe kama mungu.

Mwenye duka, Mama Savita, mjane wa Kihindi, alitaka picha ya Dhumavati, mungu wa kike ambaye hata Wahindi wengi hawamweki nyumbani. Ni mjane mkongwe, rangi ya moshi, ameketi juu ya gari lisilo na farasi. Bendera yake ina kunguru, mkononi ana ungo. Wenye ndoa humwogopa.

"Mutu akinyang'anywa vyote, huyu ndiye anabaki naye," Mama Savita anaeleza. "Ungo yake inatenga punje na makapi ya roho."

Mchoraji Cédrick, aliyezoea kuchora vichwa kwenye mabango ya saluni, alitaka mtu wa kutazama akichora. Mama Savita akaonyesha kibarazani.

Donatille aliweka ungo chini. "Mimi ni Mukristo. Kukaa nitakaa. Kuabudu, hapana."

Walimkalisha juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, maana Goma gari lisilo na farasi ndilo hilo. Kunguru alikuja mwenyewe, kwa ajili ya maharagwe. Ugomvi ulizuka kwenye meno.

"Mungu huyu ni kibogoyo," alisema Cédrick. "Tena amekonda."

"Meno yangu yote iko. Na kukonda, nilikonda wakati wa vita. Sirudii."

Picha ikatoka na mjane mnene, mwenye meno. Mama Savita aliitazama, kisha akacheka hadi akashika mlango. Jumamosi aliifukizia ubani, akaiwekea bajia za pilipili, kwa kuwa Dhumavati, asema, hupenda vya chumvi kuliko vitamu. Halafu akainama.

"Mama, unamuinamia mujane?" Donatille aliuliza.

"Ninamuomba baraka."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Wiki ileile binti yake, aliyeitwa Mimi, alikuwa akiolewa, na shemeji yake Twizeyimana, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameamuru mjane abaki jikoni, asije akamletea bibi harusi mkosi. Donatille alikuwa amekubali.

Siku ya harusi alinawa mikono, akavaa kitenge kipya, akaenda kuketi kiti cha mbele. Shemeji akamfuata mbio.

"Mama Mimi, tulisema nini?"

"Papa, wewe ndiye ulisema. Nilikuwa nakata kitunguu." Akajiweka sawa kitini. "Kama ni kuniondoa, leta batu ine. Niko muzito."

Hakuna aliyekwenda kuwaita. Binti aliona, akaja na shela lake, akapiga magoti, akainamisha kichwa apate baraka. Donatille anasema hakulia, ni kitunguu.

Mkosi haujaonekana, isipokuwa keki iliyoanguka, nayo ilikuwa mikononi mwa Twizeyimana mwenyewe.

Sasa ana mpango. Bénita, mjane anayepepeta naye, anamwoza mwanawe huko Mugunga mwezi ujao, na ameshaambiwa abaki jikoni.

"Nitaenda naye," Donatille anasema, akijaza ungo upya. "Batutayarishie viti mbili."