Nilitia alama ya rangi ya kucha kwenye hybrid ya mjukuu wangu, nimnase mchumba wake

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wadogo marahaba.

Naandika kwa kidole kimoja, shule niliishia darasa la nne, mnivumilie. Haya sikuhadithiwa. Gari lenyewe liko hapa nje, mjini Carrollton, huku ughaibuni.

Mjukuu wangu Neema ni nesi. Hiyo hybrid, gari la mafuta na umeme, kanunua mwenyewe, hakuna mwanaume aliyetia mkono. Hilo mlijue kabla sijaendelea.

Akipata off anaendesha mpaka mji wa Katy kumwona mchumba wake, Deo. Masaa manne barabarani. Akirudi ni sifa tu: Deo ka-check gari, Deo kaongeza coolant, ile ya kupoza injini, Deo kaongeza brake fluid, mafuta ya breki.

Kila safari anaongeza. Vinakwenda wapi? Gari si mbuzi, halinywi.

Nikasema huyu anapunguza kwa siri halafu anaongeza, aonekane wa maana.

Zamani Morogoro nilikaa na wapangaji. Chupa yangu ya mafuta ya kupikia nilikuwa naitia mstari, mwizi namjua siku hiyo hiyo. Basi Ijumaa asubuhi, Neema anaoga aende kwa Deo, nikafungua boneti. Vile vikopo unaona ndani bila kufungua kifuniko. Nikachora mistari kwa rangi nyekundu ya kucha, mmoja wa coolant, mmoja wa brake fluid.

Jumapili jioni karudi. Kasema safari hii Deo alikuwa kazini, gari hakuligusa.

Nikaenda kuangalia. Coolant iko JUU ya mstari. Brake fluid iko chini, upana wa kidole.

Hakuligusa, eti.

Nikampigia Deo hapo hapo, nikamuuliza gari la mtoto wangu analichezea nini.

"Shikamoo Bibi. Gari limepoa?"

Nikamwambia asinibadilishie maneno. Akanieleza taratibu kwamba coolant ikipata moto inapanda, niangalie asubuhi.

Asubuhi coolant iko kwenye mstari wangu, sawasawa. Wakuu, niliona aibu peke yangu pale uani.

Ila brake fluid bado iko chini. Nikampigia tena.

"Bibi, hiyo hairudi. Usimpe Neema funguo."

Neema katoka na nguo za kazi, "Bibi, I'm late." Nikazitia funguo ndani ya sidiria. Kaenda kwa gari la kukodi, kanuna.

Akaja fundi Mkongo tunayesali naye. Kafungua tairi la nyuma, ndani kumelowa. Akasema hybrid ikipunguza mwendo mota inasaidia kushika, brake pads haziliki haraka hata zishushe brake fluid, kwa hiyo kushuka hivyo kwa siku tatu ni kuvuja tu. Breki zingemwachia mtoto kwenye freeway.

Deo kakiri mwenyewe: coolant alitia tone tu kwa mazoea, na brake fluid alikuwa anaongeza bila kujiuliza inakwenda wapi. Swali langu lilikuwa sahihi, mtu ndiye nilimkosea. Nilimwomba radhi, na mimi siombi radhi hovyo.

Nilichojifunza: pima gari likiwa baridi. Coolant ya moto usifungue, itakubabua uso. Na brake fluid ikishuka usijaze ukaondoka, tafuta inapotokea.

Wiki jana Deo kaja kula. Kaingia jikoni, kaiona chupa ya mafuta ya kupikia ina mstari mwekundu. Kainama, kaangalia mafuta yamefika wapi.

Huyo ataoa hapa.

Nyie wenye hybrid, mara ya mwisho kufungua boneti ni lini? Semeni ukweli, mimi nitawajua tu.