Kushoto kwa Meza ya Pasi

Mwalimu, mteja wao wa siku nyingi, alirudi na shati lake akicheka. Upande mmoja ulikuwa umenyooka hadi kola imesimama. Upande wa pili mikunjo tele, utadhani limelaliwa.

"Shemeji, mumeo siku hizi anapiga pasi nusu nusu?"

Mke wa dobi alicheka naye, ila roho ilimuuma. Bila kuondoka alipokaa, alilitandaza shati mezani mbele ya mumewe. Dobi akalitazama, akasema halina kasoro. Huyu ndiye aliyekuwa akikosa usingizi kwa mkunjo mmoja wa suruali! Tangu apate kiharusi, akinyoa ndevu anaacha shavu la kushoto. Akila anaacha nusu ya sahani, halafu analalamika kuwa mkewe amekuwa mchoyo.

Macho yake ni mazima. Daktari alimweleza mke kuwa kilichoumia ni ubongo, upande wa kulia, ambao ndio unaoshughulika na mambo ya kushoto.

"Ubongo wake haumwambii kwamba kushoto kupo," alisema. "Kaa huko, mwite kutoka huko. Ukimhurumia ukahamia kulia, hatajifunza kugeuka."

Rahisi kusema. Kila siku alikaa na kigoda chake kushoto kwa meza ya pasi, mahali ambapo kwa mumewe hapakuwepo. Kuna siku alinuna waziwazi. Hata ukijua ni ugonjwa, kutoonekana na mtu uliyezaa naye kunachoma.

Sasa, shati la mwalimu likiwa bado mezani, dobi akamwambia, "Mama watoto alikuwa habanduki hapa. Siku hizi sijui huwa anakwenda wapi. Labda amenichoka."

Mwalimu alifungua mdomo. Mke akamkonyeza anyamaze. Machozi yalimlenga. Alitamani azunguke meza, ajiweke mbele ya macho yale, yaishe. Akajikaza.

"Baba watoto, niko hapa."

Dobi akageuka kulia, akatafuta mpaka ukutani.

"Siyo huko. Lifuate shati."

Akaweka kidole juu ya kitambaa, akakisogeza taratibu, macho yakifuata: vifungo, mfuko, mkono uliokunjamana, na pale mkono wa shati ulipoishia, vidole vya mkewe. Akainua kichwa. Uso ukamkunjuka.

"Kumbe! Umekuja saa ngapi?"

Mke alikuwa pale tangu asubuhi.

"Sasa hivi tu," akajibu, akakishika kile kidole asikiachie.