Ndege ya Nafuna na Utepe wa Pili

Mimi ni dereva. Nina pikapu. Nabeba makochi ya watu wanaohama, nabeba saruji, nabeba na majeneza nikiombwa vizuri. Kuunda kitu sijui. Meza yangu ya kulia ikiyumba huwa nausukumia mguu wake gazeti lililokunjwa, na gazeti hilo lina miaka minne sasa. Kwa hivyo kama uliniona kwenye habari nikiitwa mbunifu wa ndege, ulidanganywa, na mmoja wa waliokudanganya ni mimi. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kulibeba.

Ndege ni ya Nafuna. Ni jirani yangu hapa Gitothua, mlango wa tatu kutoka kwangu, mwanamke mfupi wa ovaroli ya bluu ambaye sisi wapangaji wa plot nzima tunamwita Mama Becky. Alitoka pande za Bungoma akiwa msichana, akaajiriwa kufagia karakana ya kiwanda kimoja huko Thika. Alifagia miaka miwili huku akitazama. Siku moja fundi alikosa kuja kazini, naye akaweka ufagio kando, akasimama kwenye mashine ya kukereza vyuma, na kufikia chai ya saa nne kazi ya yule fundi ilikuwa imekwisha. Hakuurudia ufagio. Alikaa kwenye mashine hiyo miaka kumi na tisa.

Wazo la ndege lilitoka hapo hapo kazini. Malori yalikuwa yakileta turbo zao kutengenezwa. Ukiifungua turbo ya lori utakuta ndani kigurudumu cha alumini chenye mapanga, kidogo kuliko kiganja, ambacho kazi yake ni kuvuta hewa kwa nguvu na kuisukumia injini. Wengine walikiona kigurudumu. Nafuna alijiuliza, kama kinaweza kuvuta hewa hivyo, ukiichoma hiyo hewa na mafuta ya taa ikatokea nyuma, kitashindwa vipi kusukuma kitu? Akaanza kusoma usiku na mchana. Alikosea sana. Injini yake ya kwanza ilipasuka ikatoboa ndoo ya maji ya mama mwenye nyumba, na hilo tuliliongea hapa kwetu mwaka mzima.

Ilimchukua miaka saba. Vigurudumu vya mbele alivitoa kwenye turbo chakavu za malori. Vya nyuma, vinavyokaa ndani ya moto, aliagiza ng'ambo, maana chuma cha kwetu kingeyeyuka. Kila kitu kingine alikereza, akakunja na kuchomelea yeye mwenyewe. Mwili ni wa plaiwudi na faiba, mrefu kunishinda nikilala chini, umbo la ndege ya kivita yenye mikia miwili na injini mbili zimelala sambamba tumboni. Inaongozwa kwa rimoti. Alipata kibali chake cha kuirusha, na mara ya kwanza ilipoinuka kutoka kwenye kipande cha barabara ya murram kule Ngoliba, mahali pakavu pasipo nyumba wala nyaya za stima, mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeipeleka. Iliondoka chini ikapita juu yetu na sauti ya kitambaa kinachochanwa, na nilijikuta nimekaa chini kwenye miiba bila kujua nimekaa saa ngapi.

Na unajua watu waliniuliza nini tuliporudi? "Hii ndege Wamalwa alitengeneza lini?" Wamalwa ni mume wa Nafuna. Ni mpishi wa shule, mtu mwema sana, na akiguswa na kazi ya kubadilisha balbu anamwita mke wake. Lakini bwana akionekana nyumbani, kila chuma kilichomo ni chake. Nilikuwa nikiwacheka watu hao. Ngoja.

Mwaka jana kile kiwanda kilifunga karakana. Nafuna akaanza kuchomelea watu mageti Mugutha, kwenye kibanda cha mabati. Mikono ile, iliyokuwa ikikereza chuma kufikia unene wa unywele, ikawa inatengeneza maua ya geti. Hakulalamika, na hilo nalo lilikuwa likiniudhi. Ndipo tukasikia kuna maonyesho ya ubunifu Thika, na kwamba atakayewashinda wenzake atafikiriwa na chuo kimoja cha ufundi ambacho kinatafuta mwalimu wa karakana. Chuo kina mashine mpya tatu za kukereza ambazo hakuna anayezijua. Nafuna aliposikia kuhusu hizo mashine tatu aliacha geti la watu likiwa nusu, akaja kunigongea.

"Muthoka, Jumamosi uko na kazi?"

"Nilikuwa na ya kuhamisha mtu."

"Mwambie ahame Jumapili."

Jumamosi tukawa uwanjani saa mbili asubuhi. Mwandalizi alikuwa kijana anaitwa Marvin, kitambulisho shingoni, simu mbili mkononi. Nafuna alimweleza taratibu, mara mbili, kama mtu anayemweleza mtoto habari za jiko. Injini zikiwaka, mtu yeyote akae hatua thelathini mbali. Mbele ya ile midomo miwili inayovuta hewa kusiwe na kitu chepesi: karatasi, kofia, leso, chochote. Marvin akasema, "Hakuna shida, madam." Akachukua namba ya simu ya mawasiliano. Aliichukua kwangu, ingawa Nafuna alikuwa amesimama katikati yetu.

Ndege ilikuwa iruke saa nne, upepo ukiwa bado umelala. Saa nne mheshimiwa aliyealikwa kuwa mgeni rasmi alikuwa njiani. Saa sita alikuwa njiani. Saa nane na nusu akafika, na tukaombewa, na akina mama wakacheza, na kila aliyekuwa na cheo akatambua uwepo wa wenzake wenye vyeo. Kisha Marvin akaja na utepe mwekundu wa satini na makasi kwenye sahani.

"Lazima izinduliwe, madam. Mheshimiwa hawezi kuja hivi hivi."

Kwetu hapa hakuna kitu kinachofanya kazi kabla hakijakatiwa utepe. Choo cha shule, daraja la miguu, tangi la maji, vyote vinangoja makasi. Nafuna alilijua hilo, akakubali, ila injini zikiwa zimezimwa. Utepe ukafungwa kutoka bawa hadi bawa ukipitia mbele ya pua. Mheshimiwa akakata, akapigwa picha. Nafuna akapiga magoti akaokota kila kipande, akamulika tochi ndani ya midomo yote miwili, akaniambia nimulike na mimi. Palikuwa safi. Akawasha. Injini ya kushoto ikapiga filimbi yake, ya kulia ikaitikia, naye akarudi nyuma na rimoti kungoja zipate joto.

Sasa sikiliza kilichotokea, na uniambie kama kuna pahali pengine duniani kingetokea. Mheshimiwa wa pili akafika. Alikuwa amechelewa, naye hakuwa amekata kitu. Ungemwonaje mtu mzima akirudi nyumbani bila kukata kitu? Marvin akapita kwenye kamba ya walinzi na utepe wa pili, watu wa mheshimiwa nyuma yake kama kumi na wawili, wakajipanga kati ya Nafuna na ndege yake. Injini zinawaka. Nafuna alipiga kelele nikamsikia mimi tu, kwa sababu ya ile filimbi. Akakata mafuta kwenye rimoti hapo hapo, lakini injini ya namna hiyo haizimiki kama taa. Huendelea kuzunguka, na ikizunguka huvuta. Makasi yakakata, ncha ya utepe ikaruka, na mdomo wa kushoto ukaumeza wote.

Kulikuwa na mlio ambao sitaki kuueleza. Ulimi wa moto ukatoka nyuma. Watu wakakimbia, mheshimiwa akiwa mbele yao. Nafuna ndiye aliyekimbia kuelekea kwenye moto, na mtungi wa kuzimia, akapiga magoti pale akapuliza hadi pakawa peupe kote.

Hapo ndipo mimi nilipofanya jambo langu. Mwandishi wa televisheni, binti mmoja mwenye haraka, alinikuta nimesimama kando ya bawa, mikono ina mafuta kwa kuwa nilikuwa nimesaidia kushusha. Akanisukumia kinasa sauti.

"Fundi, nini kimeenda vibaya?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema, mimi si fundi, fundi ni yule pale chini. Ni maneno saba au manane. Badala yake nikasema, "Tulikuwa tumekagua kila kitu. Ni utepe umeingia." Tulikuwa. Akaniuliza jina, nikampa. Nitasema ukweli wote: kwa dakika mbili nilisikia vizuri. Nilinyoosha na kola.

Saa moja jioni nikawa kwenye habari. Utepe waliutoa kwenye picha. Walibakisha moto, na mheshimiwa wa kwanza akisema vijana wetu wanajitahidi ila wanahitaji kufunzwa, na uso wangu, na chini yake maandishi: MUTHOKA, MBUNIFU. Nafuna alionekana pia, kwa nyuma, sekunde moja hivi, mgongo wake. Ushindi ulikwenda kwa mashine ya kukamua parachichi.

Kesho yake nilimpelekea vipande vilivyobaki kwenye pikapu. Alikuwa ameifungua ile injini juu ya gunia. Utepe ulikuwa umejisokota kwenye ekseli, mapanga ya kigurudumu yamelika yote, na beringi zimekwisha. Hakuinua kichwa.

"Sikujua unaitwa mbunifu," akasema.

"Mama Becky, yule msichana alikuwa na haraka."

"Wewe ulikuwa na haraka gani?"

 Akutukanaye hakuchagulii tusi, wazee walisema, lakini yeye hakunitukana, na afadhali angenitukana. Nilimpigia Marvin arekebishe jambo hilo. Akaniambia, "Ah, mzee, hiyo story imeshapita. Si ulitokea vizuri?" Nilitaka kumfikia kupitia kwenye simu nimshike masikio.

Nafuna alitafuta turbo nyingine kwa wauza vyuma chakavu hapa Ruiru. Kusawazisha kigurudumu peke yake kulimla wiki tatu: anakizungusha, anasikiliza, anakwangua chuma kidogo kisichotosha hata kuonekana, anazungusha tena. Tukarudi Ngoliba. Ikaruka, ikapinduka mgongo chini huko huko juu ikajirudi, ikashuka kwenye murram bila kuchubuka. Becky alichukua video, akaiweka mtandaoni na kuandika kabisa: ndege ya mama yangu. Video ikazunguka. Na baada ya siku nne simu ikalia kwangu.

Alikuwa mtu wa kile chuo. Ile namba aliyoandika Marvin ndiyo waliyokuwa nayo.

"Bwana Muthoka, hongera. Tumeona umeitengeneza tena. Tungependa uje Jumatatu kwa mahojiano."

"Ndege si yangu," nikasema. "Ni ya Nafuna. Mama Becky. Mimi ni dereva tu."

Akacheka kicheko cha mtu anayependa watu wanyenyekevu. "Sawa, sawa. Njoo naye basi, akusaidie kubeba vifaa."

Niliirudia kauli yangu mara tatu. Ukweli ni kama maziwa, kuna saa yake, na mimi nilikuwa nimeuacha ukachacha pale uwanjani. Nikaenda mlango wa tatu nikamweleza Nafuna neno kwa neno. Nilidhani atakataa. 

"Zile mashine tatu bado ziko?"

"Ziko."

"Basi twende. Mimi nitabeba vifaa."

Jumatatu tukaingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu. Upande wa pili walikaa watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mzee wa miwani anaitwa Ndegwa. Nililetewa kiti katikati. Nafuna akapewa kingine ukutani, na ile injini ya kushoto mapajani, imefungwa kwenye kitambaa. Hakuna aliyemsalimu isipokuwa msichana wa chai.

"Bwana Muthoka," Ndegwa akaanza, "tuambie. Kigurudumu kinachozunguka mara laki moja kwa dakika unakisawazisha namna gani?"

"Sijui," nikasema.

Akatabasamu, akangoja. Mimi pia nikangoja.

"Pengine swali ni pana. Beringi unazipoza na nini?"

"Sijui."

Mama aliyekuwa kulia kwake akaangalia karatasi. "Ule mwanya kati ya mapanga na kifuniko, uliuacha kiasi gani?"

"Hata huo mwanya sikujua uko."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya miezi minne, na sasa nilijua kazi yake. Wakaniuliza mafuta yanachanganywa na nini, nikasema sijui. Wakaniuliza kwa nini mfuko wa moto una matundu yasiyolingana, nikasema sijui, kwa sauti ya mtu anayeitikia sala. Maisha yangu yote nimeona aibu kusema neno hilo mbele ya watu waliosoma. Siku hiyo nililisema mara tano na kila mara lilinipunguzia mzigo.

Ndegwa akavua miwani. "Kuna unachojua, bwana?"

"Njia ya Ngoliba naijua vizuri sana."

"Basi haya mengine anayajua nani?"

 Nilishamtaja kwa simu mara tatu, na singemtaja ya nne. Chumbani tulikuwa watu watano. Watatu walikuwa wakiuliza na mmoja alishasema hajui. Niliona macho yao yakihesabu, mmoja baada ya mwingine, yakinipita, yakifika ukutani.

Nafuna akainuka na kiti chake mkononi, akakisogeza mezani kando ya changu, akaitua ile injini mbele yao, akafungua kitambaa.

"Tuanze na lile swali la kwanza," akasema, na akakigusa kigurudumu kwa kidole, kikazunguka bila sauti, na wote watatu wakainama kukitazama.

Nikasimama, nikarudisha kiti changu ukutani, nikatoka kwenda kungojea kwenye pikapu. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.